Ruhusa itolewe kabla ya pumzi kukatika



Juma hili tumeona tuzungumze na familia zetu juu ya jambo ambalo aghalabu hunong'onwa tu baada ya watu kurudi makaburini: kufa kwa mama mjamzito, au mzazi aliye ndani ya arobaini, kwa sababu ya moyo na mishipa ya damu. Damu ikimwagika wakati wa kujifungua kila aliyepo huiona na kila mtu hukimbia kutafuta gari. Moyo unapolemewa hakuna kinachoonekana ila mwanamke aliyechoka, na uchovu wa mjamzito katika nyumba zetu si habari ya kumwamsha mtu usiku. Huambiwa ajikaze, kwani mama zake nao walizaa. Wengi tuliowazika kwa njia hii hawakukosa watu wa kuwapenda. Walikosa mtu wa kutambua kwamba uchovu ule haukuwa wa mimba.

Tuanze na kazi ya moyo wenyewe. Mimba inapokua, damu ya mama huongezeka hata kukaribia nusu ya ile aliyokuwa nayo, na mapigo ya moyo huenda mbio zaidi kuliko kawaida yake. Ongezeko hilo hufikia kilele baada ya mwezi wa saba hivi. Wakati wa uchungu mzigo huzidi tena, kwani kila tumbo linapobana husukuma damu nyingine kuelekea moyoni. Na mara tu mtoto anapotoka, damu iliyokuwa ikihudumia mfuko wa uzazi hurejea kwenye mzunguko wa mama kwa ghafla. Kwa hiyo siku mbili tatu za mwanzo baada ya kujifungua, ambazo sisi huzihesabu kuwa za kupumua na kupokea hongera, kwa mwenye moyo dhaifu ni miongoni mwa siku za hatari kubwa.

Moyo mzima huyamudu hayo yote kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu. Lakini wako mabinti wenye kasoro ya moyo wasioijua. Katika nchi zetu kasoro hiyo mara nyingi huanzia utotoni, kwenye maumivu ya koo. Mtoto huvimba mafindofindo, hupewa maji ya chumvi asukutue, koo hupoa. Baada ya majuma machache huja homa yenye maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kiwiko, nayo hupoa. Kinachobaki ni kovu kwenye vali, yaani vile vilango vya moyo vinavyopitisha damu upande mmoja. Kilango hukakamaa na njia huwa nyembamba. Binti hukua, hulima, huchota maji, huolewa. Mimba ya kwanza inapofika mwezi wa sita au wa saba damu iliyoongezeka hukosa pa kupita, hurudi nyuma hadi mapafuni, naye huanza kukohoa usiku. Hapo huitwa mgonjwa wa pumu, au wa kifua, na hununuliwa dawa ya kikohozi dukani.

Upo na ugonjwa mwingine, usiohitaji kovu la utotoni. Misuli ya moyo hulegea, ama katika mwezi wa mwisho wa ujauzito, ama katika miezi mitano ya mwanzo baada ya kuzaa. Mwanamke aliyekuwa mzima kabisa huanza kuvimba miguu, huishiwa na pumzi akitoka chumbani kwenda uani, na akilala chali huhisi kama anazama. Waafrika, na watu weusi kwa jumla, hupatwa na ugonjwa huu kuliko wengine. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Zaria, kaskazini mwa Nigeria, waliandika sana juu yake, kwa kuwa waliuona kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Kihausa, Waislamu kama sisi, ambao kwa desturi ya huko mzazi hukogeshwa maji ya moto sana, hulala juu ya kitanda cha udongo chenye moto chini yake, na hunywa uji wenye chumvi ya magadi kwa siku nyingi. Madaktari wale walidhani desturi hiyo ndiyo chanzo. Tafiti za baadaye, huko huko Nigeria, hazikupata ushahidi wa kuithibitisha dhana hiyo, na chanzo chenyewe bado kinachunguzwa.

Tumeutaja mfano huo kwa sababu nasi tuna kukanda. Hatusemi mavyaa waache kuwakanda wazazi wao. Tunalolisema ni kwamba mzazi anayevimba na kuhema hatibiwi kwa kuongezewa ukali wa maji, wala kwa kufungiwa ndani ili arobaini itimie. Arobaini ni ya mapumziko. Haikuwekwa na sheria yetu kuwa kizuizi cha kwenda hospitali, na mwenye nifasi hakatazwi kutoka nje ya nyumba yake kwa ajili ya tiba.

Sasa tuje kwenye shinikizo la damu, ambalo ndilo linalowapata wengi zaidi. Kipimo kikifika 140 kwa 90 kwa mjamzito aliyevuka mwezi wa tano si jambo la kuambiwa akapumzike tu. Kikifika 160 kwa 110 ni dharura ya saa ile ile. Tatizo la presha ya ujauzito ni kwamba mwenye nayo huenda asihisi chochote kwa muda mrefu. Ndiyo maana kliniki hupima mkono kila hudhurio na huomba mkojo, ili waone kama kuna protini. Tumesikia waume wakinung'unika kwamba mke huenda kliniki, akapimwa mkojo, akarudi bila hata kidonge, kwa hiyo nauli imepotea. Ndugu yangu, nauli ile imenunua jibu. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 limeshauri mjamzito aonwe mara nane, si mara moja ya kuchukua kadi na ya pili ya kwenda kuzaa.

Presha ikiachwa hugeuka kuwa kifafa cha mimba. Mama hulalamika kichwa kisichotulia, macho huona giza au vimulimuli, huumwa juu ya tumbo chini ya mbavu za kulia, uso na mikono huvimba. Kisha hudondoka, hukakamaa, hutoa povu. Hapa kwetu, kutoka Handeni hadi milima ya Usambara, wako wanaoona povu wakasema jini. Hupelekwa kwa mganga akafukizwe, au huitwa ustadhi aje asome. Hatukatai kisomo, kwani Qur'ani ni shifaa na sisi wenyewe husoma. Lakini kisomo kinaweza kusomwa ndani ya gari linalokwenda hospitali, na ustadhi mwenye elimu atakuwa wa kwanza kuingia katika gari hilo. Kifafa cha mimba kina dawa inayojulikana, sindano ya magineziamu salfeti. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba wenye dalili za presha ya mimba waliopewa dawa hiyo walipungukiwa na hatari ya kupata kifafa kwa zaidi ya nusu. Mpaka leo hatujasikia jini linalokimbia magineziamu.

Mama akipatwa na degedege hilo, alazwe kwa ubavu wa kushoto, aondolewe vitu vya kumuumiza, asitiwe kijiko wala kidole kinywani, asinyweshwe kitu. Na anayehema kwa ajili ya moyo hali yake ni kinyume: yeye asilazwe chali, aketishwe ameegemea, hata ndani ya gari. Tumeona watu wenye nia njema wakimlaza mgonjwa wa namna hiyo kwenye godoro nyuma ya pikapu kwa kudhani wanamstarehesha, naye anapigania kuinuka.

Lipo pia donge la damu iliyoganda katika mshipa wa mguu, hasa kwa aliyezaa kwa upasuaji au aliyelala kitandani siku nyingi. Mguu mmoja huvimba na kuuma kwenye muundi kuliko wa pili. Donge likichomoka na kukimbilia mapafuni, mama hushikwa na kichomi cha ghafla na pumzi hukatika. Mguu huo usichuliwe kwa mafuta wala kukandwa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tutoe mfano mmoja, bila jina la mtu wala la kijiji, ila ni kati ya Handeni mjini na Korogwe. Mzazi wa siku kumi na mbili, uzao wa tatu, alianza kulala ameketi, ameegemea ukuta na mto kifuani. Usiku wa kwanza walisema ni joto. Usiku wa pili akawa anakohoa, na wifi yake akaleta asali na tangawizi. Usiku wa tatu alitoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi, akamwambia mavyaa wake kwa heshima kabisa, "Mama, nahisi nakufa." Mavyaa naye hakuwa mwovu. Alijibu kwamba mwanawe yuko safarini, simu yake haipatikani, nayo nyumba haiwezi kumtoa mke wa mtu usiku bila yeye kujua. Walingoja alfajiri. Aliyeivunja ngoja ile ni shemeji mtu, kijana wa sekondari, aliyekwenda msikitini kabla ya adhana ya subhi na kumwambia imamu kwamba shemeji yake midomo imekuwa ya kijani kibichi kama tembe ya mlonge. Rangi hakuipatia, lakini imamu alielewa. Gari lilipatikana, mama alifika hospitali akiwa hai, akatolewa maji mapafuni kwa sindano na akawekewa hewa ya oksijeni. Yu hai hadi leo, na hunywa dawa za moyo.

Tukiitazama habari ile, gari lilikuwapo tangu usiku wa kwanza. Barabara ya Handeni hadi Korogwe ni lami, kilomita zipatazo 65. Hospitali ya Magunga ipo Korogwe, ya wilaya ipo Handeni, na kwa yanayozidi hapo ipo Bombo, Tanga, karibu kilomita 100 kutoka Korogwe. Wenzetu wa Mashewa, Magoma na Bungu, au wa vijiji vya ndani vya Sindeni na Mkata, wana shida ya njia hasa masika, na hilo hatulipuuzi. Lakini katika nyumba ile kilichokosekana kwa siku tatu ni neno moja la ruhusa.

Basi tuulize: ruhusa hiyo sheria inaitakaje? Mke kutotoka bila idhini ya mume ni adabu inayojulikana, na hatuandiki ili kuibomoa. Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu katika mkoa huu tunayafuata, wameitoa hali ya dharura katika hukumu hiyo, na wametaja mfano wa nyumba inayotishia kubomoka. Hakuna mwanachuoni atakayesema mke akae ndani ya nyumba inayoanguka mpaka mumewe apatikane kwenye simu. Kifua kinachojaa maji ni nyumba inayoanguka. Hali kadhalika suala la kuonwa na tabibu mwanamume: akipatikana mwanamke mwenye ujuzi atangulizwe, asipopatikana, dharura huhalalisha kwa kadiri yake, na mahramu wake akawapo panapowezekana.

Njia iliyo bora ni kuiondoa ngoja hiyo mapema. Mume anayesafiri, iwe kwenda Dar kwenye biashara, iwe kukata mkonge kambini, aseme mbele ya mama yake na mbele ya mkewe, kabla hajapanda basi: "Akiumwa, usiku au mchana, mpelekeni, nimekwisha ruhusu." Aache na pesa mkononi mwa mtu anayejulikana. Mavyaa wetu tunawaheshimu, na tunaamini wengi wao wanangoja kusikia neno hilo tu ili mzigo uwatoke. Mara nyingi mama mkwe hazuii kwa ukaidi. Huogopa kulaumiwa.

Tuna neno jingine zito kidogo. Imepokewa kutoka kwa Mtume (SAW) kwamba mwanamke anayekufa kwa sababu ya uzazi ana daraja la shahidi. Ni bishara kubwa na ni faraja kwa wafiwa, nasi huisema makaburini. Lakini tumeanza kuona ikitumiwa kufunga mdomo wa anayeuliza, "Kwani aliumwa siku ngapi?" Huambiwa, "Mwache, amekufa shahidi." Aliyezama majini naye ametajwa miongoni mwa mashahidi, je, aonwapo mtu anazama, tumwache ili asiikose daraja? Daraja ni ya marehemu kwa Mola wake. Sisi tuliobaki tutaulizwa juu ya zile siku tatu.

Kamati za misikiti nazo zijitazame. Misikiti yetu mingi ina jeneza, ina vyombo vya kukoshea maiti, ina daftari la michango ya sanda, na mtu akifa usiku wa manane gari la kumchukua hupatikana kabla ya mapambazuko. Hilo ni jambo jema na la faradhi kifaya. Ila misikiti yenye mfuko wa nauli ya mama anayeumwa ni michache sana. Katika msikiti wetu tulipoliweka jambo hili mbele ya kamati, mzee mmoja aliuliza kama hilo si kazi ya serikali. Tukamjibu kwamba sanda nayo hatukungoja serikali. Tuliafikiana kutenga sehemu ya sadaka ya Ijumaa, na majina ya wenye magari watatu yamebandikwa mlangoni, upande wa wanawake na upande wa wanaume.

Serikali nayo ina sehemu yake, na tuiseme kwa haki. Upo mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Hupigwa namba 115 bila malipo, na anayepokea hutuma gari la wagonjwa, au dereva wa jamii aliyesajiliwa ikiwa gari la wagonjwa liko mbali. Ni kwa wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa mkaa ikibidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Kushuka huko ni kwa kumshukuru Mungu, lakini waliobaki katika hesabu hiyo wana majina na watoto.

Dalili za kumfanya mtu asingoje asubuhi tumezitaja humu zikiwa zimetawanyika, nasi tunaomba kina mama wazisome kwa sauti ndani ya nyumba: kushindwa kulala chali au kuamka usiku kwa kukosa pumzi, makohozi ya povu, moyo kwenda mbio bila kazi, kuzirai, maumivu ya kifua, kichwa kikali pamoja na macho kufifia, na mguu mmoja kuvimba. Ziwe kabla ya kuzaa au baada. Presha huweza kupanda siku ya tatu hadi ya sita baada ya kujifungua, mama akiwa amekwisha rudi nyumbani, kwa hiyo aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu mtoto ametoka. Na mjamzito mwenye maradhi haya asijitie ushujaa wa kufunga Ramadhani kinyume cha ushauri wa tabibu. Rukhsa ni zawadi ya Mola wake.

Mwisho ni lile ambalo wanandoa huona haya kutuuliza. Aliyelegea misuli ya moyo, na vipimo vikaonyesha moyo haujarudi katika nguvu zake, madaktari humshauri asishike mimba nyingine, maana ya pili huweza kumuua. Baadhi ya waume hudhani kukubali ushauri huo ni dhambi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, lililokutana Kuwait mwaka 1988, liliamua kwamba kuzuia mimba kwa muda, kwa haja inayokubalika kisheria, kwa ridhaa ya wanandoa wote wawili na kwa njia isiyo na madhara, kunajuzu; nalo lilikataza kukata kizazi moja kwa moja isipokuwa kwa dharura. Kuokoa uhai wa mke ni haja iliyo wazi. Kuhusu njia ipi inayomfaa mwenye moyo dhaifu, waulize daktari wakiwa wote wawili, kwa kuwa si kila njia ni salama kwake. Wenye vali zilizobana nao wajue kwamba zipo tiba za kuzipanua na kuzibadilisha hapa hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na ni heri kwenda kabla ya mimba kuliko ndani yake.

Maswali yaliyotufikia kuhusu kulipa funga kwa anayenyonyesha tutayajibu juma lijalo, inshaallah.